UCHOVU NA WACHEZAJI WA AKIBA: SOMO KUTOKA NYUMBA YA VIDEO



Somo la toleo hili linatoka mahali ambapo wengi wenu mnapafahamu kuliko mnavyokubali mbele ya walimu: nyumba ya video. Hatuji kusifu nyumba ile, wala kutaja majina ya wale wanaoingia humo saa za masomo. Hiyo ni kazi yetu nyingine, na daftari yake iko. Tunataka kusema juu ya ugomvi mmoja unaorudi pale kila juma. Wawili wanacheza mpira wa mashini. Mmoja anafungwa mabao mawili mwishoni, anaweka maneti chini kwa hasira, anapiga kelele: "Uko unatuibia! Wachezaji wako hawachoke! Nani alizima uchovu?" Mchezo unasimama, jenereta inaendelea kunywa esansi, na pesa ya mchezo inagombaniwa.

Je, yule anayelalamika ana haki? Na mapangilio ya uchovu na ya kubadilisha wachezaji yawekwe namna gani ili mchezo uwe wa haki? Tutajibu kwa hesabu, maana hesabu haina mjomba. Kisha tutaona kwamba swali hilo hilo linatungoja katika uwanja wetu, kwa mashindano ya madarasa. Kule hakuna kitufe cha kuzima uchovu.

I. MASHINI INAHESABU NINI

Katika Pro Evolution Soccer ya Konami (ambayo tangu 2021 inaitwa eFootball), na katika FIFA ya EA Sports (ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC), kila mchezaji amepewa namba. Iko namba ya mbio, ya pasi, ya shuti, na iko namba ya pumzi. Mwenye namba kubwa ya pumzi anachelewa kuchoka. Wakati wa mchezo mnaona mstari mdogo wa nguvu. Mstari ule unapungua polepole mchezaji akitembea, na unapungua haraka mkishikilia kitufe cha mbio. Ukipungua sana, mchezaji anakuwa mzito, anafikiwa na yule aliyekuwa nyuma yake, na pasi zake zinapotea.

Katika Pro Evolution Soccer kuna pia mshale wa hali ya siku hiyo. Ukielekea juu, mchezaji ameamka vizuri. Ukielekea chini, ameamka vibaya, hata kama ana jina kubwa. Wengi hawautazami. Wanamweka nyota yao mwenye mshale wa chini, kiisha wanashangaa.

Mapangilio yanayohusu somo letu ni manne: muda wa mchezo, uchovu, hesabu ya wachezaji wanaoruhusiwa kubadilishwa, na kama mashini itabadilisha yenyewe au mtabadilisha ninyi. Si michezo yote inayo yote manne, wala hayaitwi kwa jina moja kila mahali. Lakini fikira ni moja.

Basi jibu la kwanza. Pale ambapo uchovu umezimwa, wachezaji wa akiba hawana kazi. Anayechagua ekipe kubwa anashikilia kitufe cha mbio tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anachopoteza. Mchezo wa namna hiyo haumpi faida mtu anayefikiri. Mlalamikaji ana haki kama uchovu ulizimwa bila yeye kujua. Kama walipatana wote wawili kabla ya kuanza, hana haki. Mapatano kabla ya filimbi ndiyo sheria; baada ya filimbi ni kelele tu.

II. MUDA NA UCHOVU VINATEMBEA PAMOJA

Watu wengi wanagusa muda na kuacha uchovu, ao wanagusa uchovu na kuacha muda. Tuchukue mfano wetu wenyewe, namba ndogo za kufundishia. Mchezaji anaanza na nguvu 100. Tuseme kila dakika ya saa ya ukutani inampunguza 6.

Mchezo wa dakika 5: anapoteza 30, anamaliza na 70. Hakuna haja ya kumbadilisha mtu.
Mchezo wa dakika 10: anapoteza 60, anamaliza na 40. Hapa akiba ina maana.
Mchezo wa dakika 15: anapoteza 90, anamaliza na 10. Wote wanatambaa, na kuona mpira vile hakupendezi.

Mnaona: uchovu haukuguswa, lakini mchezo umekuwa mitatu tofauti. Mkitaka wachezaji wamalize na 40 kila mara, gawanyeni 60 kwa muda: dakika 5 inataka 12 kwa dakika, dakika 10 inataka 6, dakika 15 inataka 4. Kanuni yake ni fupi: ukizidisha muda mara mbili, punguza uchovu nusu. Mashini iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi hiyo yenyewe, sababu dakika 10 za ukutani zinasimama mahali pa dakika 90, yaani kila dakika moja inabeba 9. Pale ambapo haifanyi yenyewe, fanyeni ninyi, na muandike namba zenu kwenye karatasi ukutani.

III. WANGAPI WABADILISHWE?

Vijana wa leo wanafikiri wachezaji watano wa kubadilishwa ni jambo la tangu zamani. Sivyo. Katika Kombe la Dunia la 1966 hakuna aliyeruhusiwa kubadilishwa. Pelé wa Brazili aliumizwa katika mchezo na Ureno, akabaki uwanjani akichechemea, maana kumtoa ilikuwa kuwaacha wenzake watu kumi. Kombe la 1970, kule Mexico, lilikuwa la kwanza kuruhusu mabadiliko: wawili kwa kila ekipe. Mwaka 1995 wakawa watatu. Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, michezo ilisongamana sana baada ya kusimama. Ikaruhusiwa watano kwa muda. Mwaka 2022 ruhusa hiyo ikaingia katika sheria kwa kudumu. Ekipe inapata nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo kwa kubadilisha, na mapumziko ya katikati hayahesabiwi.

Tazameni maana ya namba hizo. Tumwache kipa, ambaye hakimbii sana. Wanabaki kumi. Ukibadilisha watatu, saba wanamaliza na miguu ya zamani. Ukibadilisha watano, nusu ya ekipe ni wapya. Tofauti ya watatu na watano inaonekana ndogo, lakini inageuza mchezo. Na inamsaidia nani? Inamsaidia mwenye benchi nzuri. Ekipe tajiri inaingiza watano wanaolingana na wale waliotoka. Ekipe maskini inaingiza watano ambao jana walikuwa wanabeba mipira. Kwa hiyo mkicheza kwenye mashini, mmoja na ekipe kubwa ya Ulaya na mwingine na ekipe ndogo, kuongeza mabadiliko ni kumwongezea mwenye nacho. Hapo wekeni watatu. Mkiwa na ekipe zinazolingana, wekeni watano.

IV. DAKIKA GANI?

Hapa tunawaomba wanafunzi wa hesabu wakae vizuri. Turudi kwa mchezaji wetu anayepoteza 60 katika dakika 90, yaani theluthi mbili kwa kila dakika. Tumtoe dakika t. Wakati huo amekwisha kupoteza 2t/3. Anayeingia ana 100, naye ataendelea kuchoka kwa mwendo ule ule, kwa hiyo tofauti yao itabaki 2t/3 mpaka mwisho. Faida tunayoipata ni tofauti hiyo mara dakika zilizobaki:

Faida = (2t/3) × (90 − t)

Dakika ya 45: 30 × 45 = 1350
Dakika ya 60: 40 × 30 = 1200
Dakika ya 75: 50 × 15 = 750
Dakika ya 84: 56 × 6 = 336

Hii ni fonksio ya daraja la pili, ile ambayo wengine husema haina kazi nje ya darasa. Kilele chake kiko dakika ya 45. Anayengoja dakika ya 84 ili amwingize kijana mpya amemnunua pikipiki siku ya kufika nyumbani.

Mtauliza: basi kwa nini walimu wa mpira hawabadilishi wote kwenye mapumziko? Sababu tumesahau jambo moja. Tulisema anayeingia ni sawa na anayetoka. Mara nyingi si sawa. Ndiyo maana alikuwa benchi. Tuseme ujuzi wake uko chini kwa 20:

Faida = (2t/3 − 20) × (90 − t)

Dakika ya 30: 0 × 60 = 0
Dakika ya 45: 10 × 45 = 450
Dakika ya 60: 20 × 30 = 600
Dakika ya 75: 30 × 15 = 450

Sasa kilele kimehamia dakika ya 60, na kabla ya dakika ya 30 tungepata hasara. Ni karibu na dakika hiyo ya 60 ambapo mnaona walimu wengi wa mpira wanaanza kuwaita watu wa akiba. Fundisho ni hili: akiba akilingana na mwenye nafasi, badilisha mapema, akiwa chini yake, ngoja kidogo, lakini usingoje mpaka mwisho. Kwa mashini, msiache mabadiliko yafanyike yenyewe kabla hamjaelewa hesabu hii. Mtu anayeacha mashini ifikiri mahali pake hajifunzi kitu.

Lakini hesabu ina mpaka wake, na mifano miwili ya nchi yetu inauonyesha. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia kule Gelsenkirchen, Ujerumani, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Ilipokuwa 3–0, dakika ya 21, mwalimu Blagoje Vidinić alimtoa kipa Kazadi Mwamba, akamwingiza Tubilandu Dimbi. Mara bao la nne likaingia. Mchezo ukaisha 9–0. Kazadi hakuwa amechoka. Dakika ya 21 hakuna kipa aliyechoka. Wachezaji wote walikuwa wamevunjika moyo kwa habari ya malipo yao. Kubadilisha mtu mmoja hakuponyi ugonjwa ulio katika nyumba nzima.

Mfano wa pili ni wa furaha. Tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Kongo yetu ilikuwa 1–1 na Nigeria mpaka mwisho wa dakika 120. Mwalimu Sébastien Desabre alimwingiza kipa Timothy Fayulu kabla tu ya penalti, na Kongo ikashinda 4–3. Hesabu yetu ingesema: dakika zilizobaki ni karibu sifuri, basi faida ni sifuri. Ni kweli kwa miguu. Lakini penalti hazihesabiwi kwa pumzi. Zinataka kichwa kilichotulia na mikono. Kwa hiyo hesabu ni ya kutusaidia, si ya kutufunga macho.

V. UWANJA WA KWELI

Tumefika kwenye jambo lenyewe. Kwenye mashini mnaona mstari wa nguvu. Kwenye uwanja wetu hakuna mstari juu ya kichwa cha mtu.

Tunaishi Kyavinyonge. Kati yetu wako wanaotoka na mtumbwi usiku kusaidia wazazi, wanarudi alfajiri, wanasaidia kutoa samaki nyavuni, kiisha wanakuja kusoma. Siku ya mchezo, saa tisa na nusu, jua likiwa kali kando ya ziwa, kapita wa darasa anawaita kwa majina kama vile wote wamelala sawa. Mchezaji huyo kwenye mashini angekuwa na mshale wa chini, na mngemweka benchi bila maneno. Hapa mnamwita mvivu akikosa mpira.

Na yeye hasemi. Tumewauliza baadhi yao kwa nini hawasemi. Jibu ni moja: "Nikitoka, watasema niko dhaifu." Ndugu zetu, hili si jambo dogo. Mwili ulio na usingizi na kiu, ukilazimishwa kukimbia katika joto, unaweza kuanguka. Uwanja wetu hauna daktari. Mchezaji katika dakika 90 anaweza kukimbia na kutembea kilomita 10 na zaidi. Sukari iliyowekwa katika misuli inapungua, maji yanatoka kwa jasho, na akili pia inaanza kuchelewa. Ndiyo sababu rafu mbaya nyingi ni za mwishoni: mtu anaona mpira sasa, mguu unafika baadaye.

Mahali pia panahesabu. Ziwa letu liko kwenye mita zaidi ya 900 juu ya bahari, Butembo kwenye mita zaidi ya 1,700. Wakishuka kwetu, joto linawachosha. Tukipanda kwao, pumzi inatubana. Ekipe inayosafiri ianze kufikiri juu ya akiba kabla ya kupanda gari.

Alama za kutazama, maana ndizo mstari wetu wa nguvu, ni hizi: mchezaji anashika magoti kila mpira unaposimama, anapanda kushambulia lakini harudi, anaanza kugombeza wenzake, anachelewa kidogo kila mara na kumgonga mtu, hatoki jasho ingawa jua ni kali, ao anasema anasikia kizunguzungu. Mbili za kwanza: mtayarishe wa kuingia. Ya mwisho: atoke mara hiyo hiyo, apelekwe kivulini, apewe maji, aitwe mwalimu. Vile vile aliyegongwa kichwa: tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la pekee kwa mtu huyo, lisilohesabiwa kati ya yale ya kawaida. Wakubwa wa mpira wameona kichwa cha mtu ni zaidi ya hesabu ya mabadiliko. Na sisi tuone hivyo.

VI. MAOMBI YETU KWA MASHINDANO YA MADARASA

Mwaka wa kwanza wana wachezaji wengi mpaka wanagombania jezi. Sisi wa mwaka wa sita, tukihesabu kila anayeweza kukimbia, tunafika 13. Katika madarasa mengine wako wenzetu waliofika hapa kwa sababu ya vita, ambao bado hawajaitwa kucheza. Tukichukua sheria ya watano bila kufikiri, darasa dogo litachoka na darasa kubwa litaingiza nusu ya ekipe mpya. Tukikataza kubadilisha, wale wa mtumbwi ndio watakaoumia. Kwa hiyo tunaomba walimu wetu na makapita wafikiri mapangilio haya:

1. Mchezo uwe dakika 30 mara mbili, si 45 mara mbili. Kwa mfano wetu, mchezaji atapoteza 40 mahali pa 60. Hatuwezi kuzima uchovu, lakini muda tunaweza kuugusa.

2. Aliyetoka aruhusiwe kurudi baada ya kupumzika. Hatuvunji sheria: sheria za mpira zinakubali jambo hilo kwa vijana na kwa michezo ya chini, pale ambapo chama cha mpira cha nchi kinaruhusu. Hivyo darasa lenye wa akiba wawili linaweza kuwapumzisha sita kwa zamu.

3. Ekipe yoyote isibadilishe zaidi ya mara tano kwa mchezo katikati ya filimbi, isipokuwa mtu ameumia. Kwenye mapumziko kila mmoja abadilishe anavyotaka.

4. Kabla ya mchezo kapita aulize kila mtu: "Ulilala wapi, ulilala saa ngapi, ulikula?" Anayesema kweli asichekwe. Aanze benchi, aingie baadaye.

5. Mambo hayo yote yawe ya ekipe ya wasichana pia. Wengi wao wameteka maji na kupika kabla ya kufika uwanjani, na hakuna anayewaandikia uchovu huo.

Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri. Mabao manne ya mwisho yalikuwa mbele ya Zambia: mawili tarehe 12 Machi, mchezo ulipoisha 2–2 baada ya dakika za nyongeza, na mawili tena tarehe 14, walipocheza upya na kushinda 2–0. Kati yake ilikuwa siku moja tu ya kupumzika. Tunamheshimu. Lakini msimchukue kuwa kipimo cha kila mtoto wa darasa la pili. Kapita anayengoja mwenzake aanguke ndipo amtoe, hata akishinda kikombe, hakuongoza vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mchezo wa mashini ni wa dakika 20 na mnataka wachezaji wamalize na nguvu 40. Uchovu kwa dakika uwe ngapi?
2. Akiba yuko chini ya mwenye nafasi kwa 10. Tafuta dakika ambayo faida yake inafika kileleni.
3. Kwa mchezo wa dakika 60 na uchovu ule ule, akiba anayelingana aingie dakika gani?
4. Kwa nini hesabu yetu haielezi mchezo wa Rabat?
5. Katika darasa lako, nani alikuwa ziwani usiku wa jana? Kama hujui, nenda ukaulize kabla ya kuandika majina ya wachezaji.

Majibu ya nne za kwanza yaletwe kwenye meza yetu kabla ya siku ya tano. La tano, kila kapita ajibu mbele ya ekipe yake.

Mkuu wa Wanafunzi, mwaka wa sita,
kwa jina la kamati ya michezo